Injini ikiwa chini, ulibadilisha na nini kingine? Wenye malori tupeane uzoefu

Mzigo_Mzito: Wakuu, habari za mihangaiko. Fuso Fighter yangu, injini 6D16T, imekula metali (bearing za krenki) ikipanda mlima Kitonga na saruji. Nimepata mtumba wa Japani, aina ileile. Fundi kaniandikia orodha ya vipuri inayokaribia bei ya injini yenyewe. Mliopitia hili, kipi mlibadilisha mkashukuru, na kipi kilikuwa kumnenepesha muuza spea tu?

Utingo Mstaafu: Sili ya nyuma ya krenki, mpya, haina mjadala. Bosi wangu wa zamani aliona ya mtumba "bado inadai". Oili ikashuka kwenye klachi, tukafika mlimani injini inapiga kelele na lori limesimama palepale. Giaboksi ikashushwa upya kwa ajili ya kipande cha mpira.

Fundi Dizeli Mbeya: Mkuu, kabla ya orodha, uliza ile ya kwanza ilikufa kwa nini. Gereji nyingi zinapandisha injini nzima kwenye rejeta ileile iliyoziba, halafu ikichemka lawama anabebeshwa aliyeuza mtumba. Rejeta ifunguliwe, isafishwe kwa fimbo, siyo kupulizwa maji tu. Thermostati na hozi zote weka mpya.

Kama yako ina taabo (kile kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini), intakula, yaani kipozeo cha hewa hiyo, nayo ishuke. Niliwahi kuletewa lori ambalo taabo lilikatika feni, likapigwa injini nyingine bila mtu kugusa intakula. Tulipoigeuza juu ya beseni ikatoka oili nyeusi, na ndani yake vipande vya aluminiamu vya ukubwa wa punje za mchele. Vile vikinyonywa, silinda zinachanwa. Na oili ikiwa nyingi, injini ya dizeli inaweza kuichoma hiyohiyo, ikapandisha mizunguko yenyewe na ufunguo umezima. Hapo dawa ni kuziba njia ya hewa kwa ubao, siyo kwa mkono!

Siku ya kuwasha, mimina oili safi kwenye mdomo wa bomba la oili linaloingia kwenye taabo, siyo bomba la hewa, kata dizeli, piga stata kwa vipindi mpaka presha ya oili isome. Ndipo uruhusu iwake.

Mama Mchanga: Fundi kamaliza. Mimi naongeza maunti za injini (raba inazokalia) na rilizi bearing, ile inayoachia klachi ukikanyaga. Flaiwili, lile gurudumu la chuma linaloshikwa na klachi, ikiwa na mistari ichongwe, la sivyo klachi mpya itatetemeka kila ukiondoka.

Kiptoo wa FRR: Huku Kenya mimi nilitoa 4HG1 nikaweka 4HK1 kwenye Isuzu. Nguvu iko, sikatai. Lakini 4HG1 ni pampu ya kawaida, hii nyingine ni komon reli, mfumo wa dizeli unaoongozwa kwa umeme, haisongi bila kompyuta yake. Nilikataa kulipa mpaka nikaona nyaya nzima hadi kwenye soketi. Jamaa tunayeegesha naye aliuziwa iliyokatwa waya kwa plaizi, na lori lake bado liko kwa fundi wa umeme.

Utingo Mstaafu: @Mama Mchanga maunti sawa. Ila stata na oltaneta za Japani zilizo kwenye injini ya zamani asitupe kwa sababu ya mng'aro wa boksi jipya. Badilisha brashi na bearing, zinaendelea na kazi.

Fundi Dizeli Mbeya: Hapo nakuunga mkono. Hata pampu ya maji, kama orijino haina mchezo kwenye shafti, ni bora kuliko feki.

Karani wa Mizani: Msisahau namba ya injini. Kadi ikisoma ya zamani, nenda TRA na risiti ya manunuzi mbadilishiwe. Siku ya kuuza gari au kudai bima ndiyo utajua.

Mzigo_Mzito: Asanteni sana. Yangu ina taabo, na rejeta haijawahi kufunguliwa tangu niinunue. Kesho vyote vinashuka. Aliye Iringa au Makambako anayejua fundi wa rejeta asiyeziba mirija kwa kuikunja, anielekeze.