Tupeane uzoefu: huduma ya kanisa kwa wenye uhitaji, nini hukwamisha kazi?

Wapendwa, tuandike yanayosaidia siku yenyewe ya kugawa: vipimo, hatua na sababu. Nia njema tunayo sote.

Mtunza stoo:
Hesabuni vichwa, msihesabu kaya. Mgao wa kawaida wa misaada ni gramu 400 za nafaka, 60 za jamii ya kunde na 25 za mafuta kwa mtu kwa siku. Peke yake haufiki lengo la kilokalori 2,100, ndiyo maana huongezwa unga wa lishe na sukari. Kwa siku 30, mtu mmoja huhitaji kilo 12 za nafaka, hivyo gunia la kilo 50 ni la watu wanne. Kilo mbili zinazobaki hufidia zinazomwagika. Chakula huisha kabla ya foleni kwa sababu ya kopo la kupimia: huyu anajaza hadi lifurike, yule anasawazisha. Futeni mdomo wa kopo kwa kijiti, na kila mzigo mpya ukifika lipimeni upya kwenye mizani, maana kopo la unga na kopo la punje hayalingani uzito.

Karani wa orodha:
Nakubaliana na mtunza stoo, ila hesabu hiyo huanzia kwenye uandikishaji. Piteni nyumba kwa nyumba siku chache kabla, mkiwa na kiongozi wa eneo, mkatoe kadi zenye namba na saa ya kufika. Mkitangaza saa moja kwa wote, mmeita msongamano, na wa kwanza kuumia ni wazee na wajawazito. Hao wapewe mstari wao, na viti.

Na jambo hili nalisisitiza: kadi isitegemee mahudhurio ya ibada. Kanuni za Maadili za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada za mwaka 1994 zinasema msaada hutolewa bila kujali dini ya anayepokea. Mwenye njaa asilazimike kusali kwetu ndipo ale.

Wa maji na usafi:
Kutibu maji ya kunywa, tumieni dawa ya klorini ya kufulia, isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6: matone mawili kwa lita ya maji maangavu. Ndoo ya lita 20 ni matone 40, kama mililita mbili. Koroga, funika, subiri dakika 30. Pasipo harufu hafifu ya klorini, rudia kipimo kilekile. Maji ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kwani uchafu huila dawa kabla haijaua vijidudu. Chupa iliyokaa wazi muda mrefu imeshapoteza nguvu.

Mhudumu wa akina mama:
Nyongeza fupi: msigawe maziwa ya unga kwenye foleni. Yakichanganywa na maji machafu huharisha watoto wachanga, na mama anayenyonyesha huweza kuacha. Mwongezeeni mama chakula. Mtoto asiye na mama apelekwe kwa mhudumu wa afya.