Modeli ya nyonga ya simenti: nikigandisha inatoka safi, nikiweka msuguano inagoma

mwana_mwanga:
Wakuu habarini, nipo Kigoma hapa Mwanga nimerudi likizo namalizia projekti, modeli ya fainaiti elementi (kompyuta inagawa kitu vipande vidogo vidogo na kupiga hesabu ya nguvu kwa kila kipande) ya nyonga bandia, shina la chuma ndani ya simenti, simenti ndani ya mfupa wa paja. Mwanzo niligandisha mipaka yote miwili, shina na simenti, simenti na mfupa, kama vimeshikana moja kwa moja, ikatoka na rangi za kupendeza kabisa, supavaiza kanijibu neno moja tu, "Gundi?" Nimeweka msuguano kote sasa solva (programu inayopiga hesabu) inagoma mzigo haujafika hata asilimia kumi, na umeme unakatika betri yenyewe mbovu. Nakosea wapi?

kalafati_ujiji:
Supavaiza yuko sahihi mkuu. Ile simenti ni plastiki, PMMA, hainati. Shuka hapo Kibirizi uwaone mafundi wa mitumbwi wanavyotia kalafati, pamba inasindiliwa kwa nyundo kwenye nafasi za mbao, inashika kwa kubanwa. Simenti nayo inapenya vitundu vya mfupa ikiwa bado uji inagandia humo humo. Kwahiyo mipaka miwili haifanani: upande wa mfupa kama imepenya vizuri gandisha kwa kuanzia, upande wa shina ndo uweke msuguano, jaribu kipimo cha msuguano 0.3. Nahisi shina lako linaelea, halijagusa simenti, ndo maana solva inagoma, cheki kama kuna mwanya kati yake na simenti hata wa sehemu ya mia ya milimita, ufunge, halafu mzigo upande kidogo kidogo.

mama_vipimo:
Mdogo wangu na vizio je? Umechora kwa milimita? Basi ugumu wa simenti uandike 2500 hivi, mfupa mgumu 17000, chuma cha kobalti-kromi 210000, zote megapaskali. Mimi niliwahi kuweka 2.5 nikahangaika wiki nzima shina linazama kama kijiko kwenye uji 😂
Baadaye ukipata nguvu upande wa mfupa weka elementi za mshikamano zinazoweza kuachia, maana pale pakivutwa panaachia mapema kuliko pakikandamizwa. Na mzigo usiweke uzito wa mwili peke yake, mtu akitembea tu nyonga inabeba kama mara 2.5 yake.

mwana_mwanga:
Dada vizio viko sawa ila mwanya UPO, shina na tundu nilichora kila kimoja kivyake 🤦🏾 nimeufunga, imefika asilimia 60 inaendelea, tanesko naomba nusu saa tu