Naomba ushauri: mdogo wangu anajisomea, lakini anasahau haraka

Hamjambo ndugu zangu. Mdogo wangu yuko hapa Kondele, Kisumu, anajiandaa kwa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, bila shule, na Biolojia inamtoka kichwani upesi mno. Nimevutiwa na kazi ya Piotr Woźniak, mtafiti wa Poland aliyeunda SuperMemo mwaka 1987: programu inarudisha swali baada ya siku chache, kisha wiki, kisha miezi, kabla hujalisahau. Anki, programu ya bure kwenye simu za Android, ilijengwa juu ya mbinu yake. Woźniak husisitiza uelewe kwanza ndipo ukariri, na hapo naona ndipo penye kazi kubwa.

Mliojaribu, kadi za maswali na majibu za Anki aziandike mwenyewe au achukue zilizo tayari? Simu ni moja, tunaitumia wawili. Akikosa siku kadhaa maswali yakarundikana, aanzie wapi? Nataka sana afaulu.