Naomba ushauri: vani ya kazi inanigandisha
Wakuu habari zenu, nina vani ya kazi, nyuma ni bati tupu, sasa baridi imeanza na kila asubuhi nikifungua mlango nakuta dari inanidondoshea maji shingoni, spana zimeshika kutu na silikoni ya kuzibia imekuwa nzito hata kuiminya ni shughuli. Nataka niweke kitu cha kuzuia baridi ila nimekwama, pamba ya glasi naogopa itanyonya unyevu ikae imelowa nyuma ya plaiwudi bati lioze kimyakimya, foamu ngumu nayo haikunjiki kwenye zile kona za bodi. Na mbavu za chuma, zile zinazoshikilia bati la bodi kwa ndani, mnazifunika au mnaziacha? Hita ya gesi sitaki, inazidisha unyevu, na hewa yake mkifunga milango ni hatari. Aliyewahi kufanya anisaidie, hasa hiyo ya mbavu.