Nitapataje taarifa za kifo cha mdogo wangu kutoka ofisi ya sherifu wa kaunti ya mashambani Texas?

Msafiri wa Korogwe

Ndugu zangu, poleni na majukumu. Mdogo wangu, aliyekuwa dereva wa lori la masafa marefu, alikutwa amefariki ndani ya kichwa cha lori lake alfajiri moja ya mwezi Machi, kwenye kituo cha mafuta kando ya barabara kuu, katika kaunti ya magharibi mwa Texas ambayo jina lake sikuwahi kulisikia kabla ya siku hiyo, ingawa huu ni mwaka wangu wa 11 nikiishi Marekani. Tulimsafirisha, tukamzika nyumbani, na arobaini imeshapita. Cheti cha kifo kilichofuatana na jeneza kilikuwa kimeandikwa, kwenye nafasi ya sababu ya kifo, kwamba uchunguzi unaendelea, na hadi leo Julai hiyo ndiyo karatasi pekee tuliyo nayo mkononi.

Nimepiga simu ofisi ya sherifu mara 6. Anayepokea ni mama mmoja mpole, lakini jibu lake halibadiliki: faili bado halijafungwa, piga tena wiki ijayo. Mara ya mwisho aliniambia niandike barua ya kuomba kumbukumbu, bila kunieleza iandikwe namna gani. Rafiki yangu amenishauri nitumie ile sheria ya shirikisho ya uhuru wa habari. Mimi naishi Ohio, si Texas, nina kadi ya ukaazi wa kudumu na si raia, na sitaki kufanya jambo litakaloonekana kama kumshtaki sherifu. Baba yetu ana miaka 78. Kila Jumapili nikimpigia ananiuliza alikutwa na nani, saa ngapi, na kama aliomba msaada. Naombeni mwongozo wa mtu aliyewahi kuipita njia hii.

Mama Neema, Dallas

Pole sana kaka yangu, pole na mzee nyumbani. Mungu ampumzishe marehemu mahali pema.

Nilihangaika na jambo la aina hii baada ya mwanangu kuvamiwa katika kaunti moja ya mashambani, na nilipoteza miezi mitano kwa kuamini simu. Kwa sheria ya Texas, ombi la mdomo haliianzishi hesabu ya siku hata moja. Yule mama wa mapokezi anaweza kukuhurumia kwa dhati, lakini hana siku anayotakiwa kuwa amekujibu. Barua iliyoandikwa ndiyo inayohesabiwa, iwe imetumwa kwa posta, kwa barua pepe au imepelekwa kwa mkono. Itume kwenye anwani ambayo ofisi yenyewe imeitangaza kwa maombi ya kumbukumbu, kwa sababu ofisi inaruhusiwa kutenga anwani maalumu kwa kazi hiyo, na barua iliyokwenda kwenye anwani nyingine inaweza kulala huko bila mtu kuijibu. Nakushauri pia utafute wakili mapema.

Mkalimani wa Mahakama

Pole kwa msiba, ndugu Msafiri. Nimefanya ukalimani wa Kiswahili katika mahakama za Texas kwa miaka mingi. Mimi si wakili, lakini barua za namna hii nimesaidia kuziandika nyingi, na zile zilizorudi mikono mitupu zilinifundisha kuliko zilizofanikiwa.

Sheria aliyokutajia rafiki yako ni ya mwaka 1966, nayo inazibana taasisi za serikali ya shirikisho kama vile FBI na idara za uhamiaji. Sherifu huchaguliwa na wapiga kura wa kaunti yake, na katika suala la kumbukumbu anafuata sheria ya jimbo. Texas ina kaunti 254, na zote ziko chini ya Sheria ya Taarifa za Umma, ambayo ni sura ya 552 ya kanuni za serikali ya jimbo. Sheria hiyo haiulizi uraia wala makazi ya mwombaji, na inamkataza afisa kumhoji mtu sababu za ombi lake, isipokuwa kumtaka ajitambulishe au afafanue anachokitafuta. Kadi yako ya ukaazi haina uhusiano na jambo hili, na kuomba kumbukumbu si kumshtaki mtu. Ni kazi ya kila siku ya ofisi hiyo.

Sasa niseme jambo gumu, ambalo ni heri ulisikie kutoka kwetu. Watu wengi hudhani kwamba faili likifungwa linakuwa wazi kwa wote. Kwa Texas sivyo. Kifungu cha 552.108 kinamruhusu sherifu kuzuia kumbukumbu za upelelezi unaoendelea, na kinamruhusu vilevile kuzuia kumbukumbu za upelelezi uliokwisha bila mtu kutiwa hatiani. Kama mdogo wako alifariki kwa ugonjwa, hapatakuwa na mshtakiwa wala hukumu, kwa hiyo kizuizi hicho kinaweza kutumika hata baada ya kila kitu kumalizika. Jambo hili limewaumiza wazazi wengi katika jimbo hili, na mimi naona si haki kabisa, lakini ndiyo sheria iliyopo, na barua yako lazima iandikwe kwa kuijua.

Pamoja na hayo, kuna sehemu ambayo sherifu hawezi kuizuia kwa kifungu hicho. Sheria inaziita taarifa za msingi, na chimbuko lake ni kesi ya mwaka 1975 ya gazeti la Houston Chronicle dhidi ya jiji la Houston. Hizi ni zile zinazokaa kwa kawaida kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti: mahali, saa, maelezo ya tukio, na askari waliohusika. Kwa hiyo usiandike kwamba unaomba “kila kitu kuhusu ndugu yangu”, kwani ombi la namna hiyo hurudishwa ufafanue, na usipojibu ndani ya siku 61 huhesabiwa umeliondoa mwenyewe. Andika jina kamili la marehemu, tarehe yake ya kuzaliwa, tarehe ya tukio na jina la kituo cha mafuta, kisha utaje karatasi zenyewe: ripoti ya tukio pamoja na nyongeza zake, rekodi ya simu ya 911, na ile karatasi ya chumba cha kupokelea simu inayoonyesha dakika ambayo simu iliingia, dakika ambayo askari alitumwa na dakika aliyofika. Kwa maswali ya mzee wako, karatasi hiyo ina thamani kuliko ripoti nzima.

Ukitaka video ya kamera ya kifuani ya askari, sheria inataka utaje tarehe na saa ya kukadiria, mahali, na jina la mtu mmoja anayeonekana ndani yake. Jina la marehemu linatosha. Fikiri vizuri kabla ya kuiomba, ndugu yangu. Nimekaa na familia iliyoiomba, na mama wa marehemu hakuweza kuimaliza.

Mwishoni ongeza sentensi moja: kwamba iwapo ofisi itaona sehemu fulani inazuilika, unaomba upewe taarifa za msingi na kila kilichobaki. Sheria haikudai ueleze kwamba wewe ni kaka wa marehemu, lakini ningelisema, kwa sababu kizuizi cha 552.108 ni ruhusa tu, hakimlazimishi sherifu kuficha, na katika kaunti yenye makarani wawili barua yako itasomwa na mwanadamu, si na mashine.

Baada ya hapo, hesabu siku 10 za kazi. Sherifu akitaka kuzuia kitu, hawezi kukataa kimyakimya. Kwa kawaida anatakiwa ndani ya siku hizo 10 amwandikie Mwanasheria Mkuu wa jimbo kuomba uamuzi, na wewe ujulishwe. Una haki ya kumwandikia Mwanasheria Mkuu maoni yako, na yeye ana siku 45 za kazi za kutoa uamuzi. Sherifu akichelewa kuomba uamuzi huo, kumbukumbu zinachukuliwa kuwa za umma mpaka aonyeshe sababu nzito ya kuzizuia. Gharama si kubwa: senti 10 kwa ukurasa, na zikiwa kurasa 50 au pungufu, kwa kawaida hutozwi saa za kazi za karani. Makadirio yakizidi dola 40 watakuletea mchanganuo, na huo ujibu kwa maandishi ndani ya siku 10 za kazi, la sivyo ombi linahesabiwa limeondolewa. Kuhusu wakili, natofautiana kidogo na Mama Neema: subiri kwanza jibu la barua.

Dereva wa Masafa

Poleni sana. Nami nashika usukani, na nina mambo mawili ambayo wenzangu hawajayagusa.

Katika kaunti nyingi za mashambani Texas hakuna daktari wa serikali wa kuchunguza vifo. Kazi hiyo iko mikononi mwa hakimu wa amani, ambaye ndiye anayetamka kifo na kuamua kama mwili upelekwe mji mkubwa kufanyiwa uchunguzi wa maiti. Sababu ya kifo mnayoisubiri iko kwake, si kwa sherifu. Mahakama haziko chini ya ile sura ya 552, kwa hiyo mwandikie barua yake ya pekee kuomba kumbukumbu ya uchunguzi wa kifo na ripoti ya daktari, na umwulize kama cheti kimeshasahihishwa, maana cheti kinachosubiri uchunguzi hurekebishwa majibu yakitoka. Inawezekana kabisa jibu limetoka zamani na hakuna aliyekumbuka kuijulisha familia iliyoko ng’ambo.

La pili ni la haraka. Kampuni ya malori inalazimika kutunza rekodi za saa za kazi za dereva, zile za kifaa cha kielektroniki kilichomo kwenye lori, kwa miezi 6. Kutoka Machi mpaka leo Julai umebakiwa na wiki chache. Waandikie leo wasizifute. Rekodi hizo zinaonyesha alisimamisha lori saa ngapi. Video za kituo cha mafuta huenda zimeshafutika, lakini kuuliza si kosa.

Na kwa wengine watakaosoma hapa, haya ya Texas msiyapeleke kila jimbo. Tennessee na Virginia huwapa haki ya kuomba kumbukumbu wakazi wa jimbo lenyewe tu, na Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali mwaka 2013 kwamba jimbo linaruhusiwa kufanya hivyo. Missouri, kinyume chake, inampa mzazi au mtoto wa marehemu njia ya kupata hata ripoti iliyofungwa kwa umma, kwa ajili ya kuchunguza dai la kesi ya madai. Vilevile, kwa ajali ya barabarani nje ya mji, mara nyingi anayeandika ripoti ni askari wa jimbo, si wa sherifu, kwa hiyo ulizeni kwanza nani aliyeshika kalamu.

Msafiri wa Korogwe

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki sita, na sina maneno ya kuwashukuru. Niliandika barua tatu usiku uleule. Kampuni ilijibu kwamba rekodi zimehifadhiwa. Hakimu wa amani alinitumia ripoti ya daktari: ni moyo, na cheti kilikuwa kimesahihishwa tangu Mei.

Sherifu aliomba uamuzi wa Mwanasheria Mkuu kuhusu ripoti yenyewe, na bado nausubiri. Maoni yangu nimeshayatuma. Lakini siku ya 9 ilifika bahasha yenye kurasa 4, ya mwisho ikiwa imepakwa wino mweusi zaidi ya nusu, na katikati yake ile karatasi ya chumba cha simu. Simu iliingia saa 10:12 alfajiri. Askari alifika saa 10:51. Aliyepiga alikuwa dereva mwingine aliyeegesha jirani, ambaye aliona taa za ndani zinawaka na mtu ameinamia usukani. Mstari mmoja, ulioandikwa kwa kifupi kama wanavyoandika wao, unasema kwamba aliyepiga simu anabaki na mgonjwa mpaka msaada ufike.

Jumapili nilimsomea baba mstari huo kwa Kiswahili. Akaniambia niurudie, nikaurudia, kisha akaniuliza kama ninaweza kulipata jina la yule dereva, ili amwombee. Jina limefunikwa na wino. Mkalimani, je, katika maoni kwa Mwanasheria Mkuu ninaruhusiwa kuomba kwamba ofisi imfikishie tu barua yetu ya shukrani, bila sisi kupewa jina lake?

Mkalimani wa Mahakama

Hilo Mwanasheria Mkuu hana mamlaka nalo, kwani yeye huamua tu kipi kitolewe na kipi kizuiwe. Mwandikie karani wa sherifu moja kwa moja, barua fupi, na ndani yake uweke bahasha ya baba isiyofungwa, ili waione kwanza. Hakuna sheria inayomlazimisha kuipeleka, na hakuna inayomkataza.