Ushindi 4, vipigo 8: Colorado mmemwacha Shedeur apondwe msimu mzima

Wakuu salaam. Nimejizuia tangu Oktoba, leo nasema. Jana, Novemba 25, 2023, Utah wametufunga sisi Chuo Kikuu cha Colorado 23-17 kwenye mpira wa Kimarekani, na msimu umeishia hapo. Ushindi 4, vipigo 8. Mechi 6 za mwisho zote tumepigwa.

Msiniletee hadithi ya kwamba tumepiga hatua kwa kuwa mwaka jana tulishinda 1 na kufungwa 11. Naishi Aurora, hapa hapa Colorado, mateso yale niliyaona. Aliyekataa kungoja ni kocha wetu Deion Sanders mwenyewe. Alipoingia Desemba 2022 aliwaambia vijana aliowakuta watafute pa kuhamia, kwamba anakuja na mizigo yake na mizigo hiyo ni Louis (Louis Vuitton, mabegi ya bei mbaya), yaani wachezaji wa hali ya juu. Video ipo. Wakaondoka kwa makumi, wakaja wapya zaidi ya 80. Timu hii hakurithi kwa mtu, ameichagua mwenyewe!

Na tulimwamini. TCU, chuo cha Texas waliocheza fainali ya taifa Januari, tukawafunga kwao 45-42, Shedeur, kwotabeki (mrusha mpira) wetu, akirusha yadi 510. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Nebraska tukawapiga 36-14. Tiketi za nyumbani zikawa hazipatikani.

Sasa wale wa Simba na Yanga mnaopita hapa, nieleweni kinachoniuma. Kwenye mpira huu kwotabeki anasimama na mpira akitafuta wa kumrushia, na mbele yake kuna wanaume watano wakubwa kazi yao kuzuia asifikiwe. Huo ndio ukuta. Sisi hatuna ukuta. Shedeur ameangushwa mara 52 katika mechi 11. Mara 52! Mechi ya UCLA, chuo cha Los Angeles, peke yake mara 7. Jana hakucheza kabisa, ameumia. Na huyu ni mwana wa kumzaa wa kocha Deion. Kukimbia na mpira ndiyo usiseme, hakuna chuo cha daraja la juu kilichopata yadi chache kuliko sisi.

Mechi ya Stanford sitaisahau. Ijumaa, Oktoba 13. Walikuja wameshinda 1 na kufungwa 4, na hadi mapumziko tunaongoza 29-0. Mwanangu alikuwa amelala kwenye kochi na jezi yake namba 2, nikamfunika blanketi nikamwacha, nikijua kazi imekwisha. Kipindi cha pili yule mdakaji wao Ayomanor akadaka mpira mmoja akaenda nao yadi 97. Halafu mwingine. Kwenye muda wa nyongeza akadaka mbele ya nyota wetu Travis Hunter, mpira umebanwa kwenye helmeti ya Hunter, na bado hakuuachia. Hunter mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka jeraha la ini. Tukafa 46-43. Asubuhi mtoto ananiuliza, "Baba, tumewafunga ngapi?" Nikakosa la kumjibu.

Kocha akafanya nini? Baada ya UCLA akasimama mbele ya waandishi akasema dawa ni kutafuta wazuiaji wapya. Na mechi 4 zilikuwa bado zimebaki! Kijana anayesikia hivyo Jumamosi usiku atamkingia nani kifua wiki inayofuata? Kisha akamnyang'anya msaidizi wake Sean Lewis kazi ya kupanga mashambulizi, akampa msaidizi mwingine, Pat Shurmur. Tangu siku hiyo hatujashinda hata mechi moja. Washington State wametupiga 56-14.

Simtaki aondoke, wakuu, tusielewane vibaya. Ninachotaka aache kuleta warusha mpira na wadakaji wa kupendeza kwenye kamera. Dirisha la uhamisho linafunguliwa Desemba 4. Kabla ya jina lolote kubwa, nataka nione wazuiaji watano, watu wazima, waliokwisha kucheza misimu miwili au mitatu kwingine. Shedeur na Hunter wana mwaka mmoja tu wa kucheza nasi, na mgongo wa Shedeur hauwezi kubeba mara 52 nyingine.