Mjadala: Vita vya Goma, tumwamini mwanablogu wa pale pale au chombo kikubwa cha habari?

Mkazi wa Sinza: Ndugu zangu, naweka mezani swali linalonisumbua tangu Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025. Sisi wa Dar es Salaam tulipokea habari kwa njia mbili. Vyombo vikubwa, vya kwetu na vya nje, vilitusomea matamko ya Kinshasa, Kigali na Umoja wa Mataifa kule New York, ilhali wanablogu na vijana wa Goma wenye simu walituonyesha mtaa gani una maiti na hospitali ipi imejaa majeruhi. Taarifa hizo zilipopingana, mimi niliwaamini wanablogu. Anayeona sikupaswa anieleze, kwa hoja na si kwa matusi.

Mhariri Mstaafu: Jibu liko wazi kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi katika chumba cha habari. Habari ya vita hupita kwa mwandishi, kwa mhariri na pengine kwa mwanasheria kabla ya kumfikia msomaji, lakini ya mwanablogu hupita kwenye kidole gumba chake tu. Siku zile nilirushiwa na zaidi ya mtu mmoja video ya moto ukiteremka kuelekea kwenye nyumba, ikidaiwa kuwa waasi wameichoma Goma, kumbe ni volkano ya Nyiragongo iliyolipuka Mei 2021. Kijana wa aina hiyo huokota picha akiwa amejilaza kitandani, akazipachika maneno, na kabla ya jioni amekwisha kuitwa mchambuzi.

Mzaliwa wa Kivu, Kariakoo: Shikamoo mzee. Nimekusoma hadi mwisho, lakini nimekwama hapo kwenye kitanda. Goma ilikatikiwa umeme na maji, wafungwa wakatoroka gereza la Munzenze, na risasi zilikuwa zikipenya kuta za mbao, hata watu wakalala chini sakafuni na watoto wao. Binamu yangu alituma ujumbe wa sauti akiwa katika hali hiyo, akitunza chaji ya simu kama mtu anavyotunza maji ya kunywa. Naomba unitajie ni kitanda kipi.

Mhariri Mstaafu: Marahaba, na poleni sana. Sikumsema binamu yako, nilisema wanaookota picha za wengine. Hata hivyo, binamu yako ni shahidi wa mtaa mmoja. Umoja wa Mataifa ulitaja watu karibu 3,000 waliouawa katika mapigano ya Goma, na Waziri Mkuu wa Kongo, Bi. Judith Suminwa, akasema Geneva mwezi Februari kwamba waliouawa mashariki mwa nchi tangu Januari walipita 7,000. Hesabu kama hizo hazipatikani kwa kuchungulia dirishani.

Binti Temeke: Mzee wangu, hesabu hizo mbili zote zimetoka kwa wakubwa na bado zinahitaji maelezo, kwa sababu moja inahusu mji na nyingine inahusu eneo zima la mashariki. Habari nilizosoma mimi ziliziweka sambamba kana kwamba mmoja wao anadanganya. Yule mhariri na yule mwanasheria uliowataja walikuwa wapi siku hiyo?

Mwalimu wa Mbagala: Tatizo letu ni kutojua historia. M23 ilianza mwaka 2013, wakati vijana wetu walipokwenda kupigana nayo, na kila chombo kinachoandika kana kwamba vita vimeanza jana kinatupotosha.

Mkazi wa Sinza: Mwalimu, ilianza 2012, na Novemba mwaka huo huo ikaiteka Goma kwa mara ya kwanza. Mwaka 2013 ndipo Umoja wa Mataifa ulipounda ile brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi iliyosaidia kuishinda. Lakini hoja yako ya kuandika vita bila mizizi yake naikubali, nayo inawagusa wanablogu pia.

Wakili wa Upanga: Mnazunguka bila sababu. Chombo cha habari kina leseni na anwani, kikikuchafua unakishtaki. Ndiyo maana hata kwetu kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwanablogu ajisajili TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Binti Temeke: Na alipe ada zilizopita kidogo shilingi milioni mbili kwa mwaka wa kwanza! Wakili, wengi walizima blogu zao kwa kukosa fedha, wala si kwa sababu walikuwa waongo. Huko Kongo kwenyewe, Januari 2025 serikali iliwafutia vibali waandishi wa Al Jazeera kwa kosa la kumhoji Bertrand Bisimwa, kiongozi wa M23. Sasa hicho kibali kinatuhakikishia ukweli, au kinatueleza ni nani asiyeruhusiwa kuhojiwa?

Wakili wa Upanga: Dada, sheria haiachwi kwa sababu ada ilikuwa kubwa. Ada zilikwisha kupunguzwa baadaye. Naona unachukia leseni tu.

Msomaji wa Kigamboni: Samahani kwa kuingilia. Mji ukishatekwa, mwanablogu aliyebaki ndani yake anaandika huku mtawala mpya akimsoma. Aliyekuwa akitueleza kila kitu Januari huenda mwezi Machi ananyamaza au anasifia, nasi wa mbali hatuna namna ya kutambua ni lini woga umeanza kumwandikia. Hilo linawahusu pia waandishi wa vyombo vikubwa waliobaki Goma, ila wao wanaweza kuondolewa na kupelekwa kwingine.

Wakili wa Upanga: Nasubiri dada anijibu kuhusu ada.

Mzaliwa wa Kivu, Kariakoo: Wakili, ada tumeichoka. Nina swali kwa mzee wangu Mhariri. Mwandishi wa nje akifika Goma hukaa hotelini, akamtafuta kijana wa pale wa kumpeleka Sake, mji wa jirani, kumtafsiria na kumwonyesha kizuizi kipi kina askari walevi. Mara nyingi kijana huyo ndiye mwanablogu mnayemdharau. Habari ikitoka, jina juu ni la mgeni. Kwenye magazeti uliyofanyia kazi, jina la yule wa pale mlikuwa mnaliandika?

Mhariri Mstaafu: Mara nyingine tuliliacha kwa ajili ya usalama wake. Jina likichapishwa leo, kesho mtu anagongewa mlango. Usilichukulie hilo kuwa ni dharau.

Mzaliwa wa Kivu, Kariakoo: Hiyo sababu naielewa, nami binamu yangu simtaji hapa. Lakini mgeni akipanda ndege, kijana anabaki na watu wale wale waliomwona akimwongoza. Kulikuwa na bima? Kulikuwa na fedha za kumhamisha yeye na mkewe mji ukianguka?

Mhariri Mstaafu: Nikujibu bila kupindisha: kwa waandishi wetu tuliowatuma, ndiyo. Kwa wenyeji waliowasaidia, tulilipa kwa siku, kazi ikaisha hapo.

Binti Temeke: Basi alipofanya kazi yenu alikuwa chanzo cha kuaminika, na alipoandika yale yale kwa jina lake amekuwa wa kitandani.

Mhariri Mstaafu: Nilikwisha kusema sikumaanisha huyo.